Kopo la Chumvi Nililolibonyeza

Rumonge, Jumanne, masika ya 1971. Mvua tangu alfajiri, na moyo wangu iko mubaya.

Nimemdhulumu Mama Zaina. Naandika hapa maana mdomoni hainitoki.

Chumvi inatoka Bujumbura kwa lori. Kwanza karani wa vibali anataka matabishi, pesa ya chini ya meza, la sivyo hapigi muhuri. Njiani iko bariyeri mbili za kuzuia magari, na kila moja iko na mtu anayenyoosha mkono. Mwenye lori hatoi mfukoni mwake, jamani! Anapandisha bei ya gunia. Mimi ninayeuza chumvi sokoni napandisha bei ya kopo, muuza ndagala anapandisha dagaa zake, na mwalimu ambaye mshahara wake haujasogea tangu uhuru anarudi nyumbani na kikapu kitupu. Siku ile ya uhuru tuliimba mpaka sauti zikakauka. Tulidhani tumemaliza kuwalisha watu wa kukaa tu.

Wateja wananitukana mimi. Karani hawamuoni.

Mwezi uliopita nikachoka na matusi. Nikachukua nyundo, nikabonyeza kitako cha kopo langu la kupimia kiingie ndani, lishike chumvi kidogo. Bei nikaiacha pale pale, na watu wakanisifu. "Murakoze, asante dada, wewe una huruma," aliniambia Mama Zaina wa Minago, rafiki yangu tangu usichana. Nikatabasamu. Loo, mimi huyu!

Sasa, wanawake wa Minago hawajui mizani. Ni makopo matatu kwa kikapu cha samaki, kama walivyofanya mama zao. Kukiwa na jua, chumvi ikipungua jua linasaidia kukausha samaki. Masika hii jua hakuna.

Leo Mama Zaina amekuja sokoni amelowa chapachapa. Samaki wote wa mukeke aliowatia chumvi kwa harusi ya binti yake Jumamosi wameoza.

"Sijui nimekosea wapi, dada. Nimehesabu vizuri. Labda nimeanza kuzeeka."

Nikampimia kopo moja la bure, kwa kopo lile lile.

Nikinyoosha kitako bila kupandisha bei, gunia lingine sitaliweza, na wanangu watakula nini? Nikipandisha, yeye ndiye hataweza. Karani analala vizuri. Mimi ndiye mwizi anayejulikana kwa huruma.

Mama Zaina amepata samaki wengine kwa mkopo. Ameniomba kesho nisimame pembeni yake akihesabu makopo, nihakikishe hakosei tena.

Nimekubali.