Waya Moyoni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamekupa nafuu, na shemeji ameacha kubishana na redio. Huku wifi yako na watoto hawajambo. Mimi ndiye wa kuulizwa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu ukaanza kulia kabla sijafika popote, nami ningekufuata.

Mwanzo wake unaujua, maana ulikuwepo. Nilianguka nikiwa napachika geti la watu, ikaonekana moyo unapiga polepole mno, nikawekewa kile kimashine cha kuupigisha moyo chini ya mtulinga wa kushoto. Uliniona nikitoka hospitali natembea kama bwana harusi. Karakana nzima walifurahi, wakanibatiza jina la Betri. Kila asubuhi lazima mmoja aulize, "Betri, umechaji?" Nilicheka nao, ingawa nilikuwa nimekatazwa kusogelea mashine ya kuchomelea, isije ikakivuruga kimashine, na tajiri akanihamishia mbele, kupokea wateja na kupima madirisha. Nikasema potelea mbali, uhai kwanza.

Miaka ikapita, kisha ngozi iliyofunika kimashine ikaanza kuwa nyekundu. Nilikwambia ni kidonda kidogo tu, na wakati ule hata mimi niliamini hivyo. Nikapewa vidonge, kikanywea. Vidonge vilipokwisha kikarudi, safari hii na usaha. Nikalazwa, nikachomwa sindano, wakafungua, wakasafisha, wakashona. Tukarudi nyumbani tukishukuru. Wifi yako akafua mashuka yote kwa maji ya moto, akanikataza hata kuinua sufuria. Haukupita muda, nikaanza kutetemeka mchana wa jua kali, meno yanagongana kama cherehani. Ikawa ndiyo maisha: hospitali, nyumbani, hospitali. Kila tukidhani tumeufikia mlango, tunapapasa tunakuta ni ukuta.

Sasa niko chumba cha peke yangu, mwisho wa korido. Dirisha limekazwa kwa skrubu, halifunguki. Kuna kitanda, stuli, beseni la kunawia, na ile nguzo ya dripu niliyokuwa naiburuta hata nikienda chooni, kama mbuzi mkaidi. Chumba cha pili alikuwepo refa mstaafu. Tulikuwa tukigongeana ukuta asubuhi kujuliana hali. Alipopewa ruhusa alipita mlangoni, akaniambia mpira una dakika za nyongeza, nisikate tamaa. Nilimfurahia, Dada, lakini alipoondoka niligeukia ukutani nisionekane uso.

Daktari wa moyo hapa ni mama mmoja mpole, asiyezungusha maneno. Alinieleza kwamba dawa inaua vijidudu vilivyo kwenye damu, ila vingine vimejishikiza kwenye kimashine na waya wake unaoingia moyoni, na huko haivifikii. Ndiyo maana dawa ikikatika vinarudi. Njia ni moja: kutoa kila kitu. Lakini waya wenyewe umekaa miaka, umeshikamana na nyama ya moyo, na kuuvuta kunaweza kuuchana moyo.

Kwanza alitaka kujua moyo wangu unaweza nini wenyewe. Akaniwekea kifuani kitu cha duara kilichounganishwa na kompyuta, akaanza kupunguza kasi ya kimashine kidogo kidogo. Akaniambia, "Nausikiliza moyo wako, usiogope." Dada, moyo haukusema kitu. Nilihisi kitanda kinazama, masikio yakaziba, uso wa daktari ukawa mbali kama wa mtu aliye ng'ambo ya mto. Akakirudisha haraka. Nilipopata fahamu vizuri, nesi alikuwa amenishika mguu nami nimelowa jasho. Hapo ndipo nilipoelewa nimefungiwa wapi. Tuliambiwa kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimo ndani ya ngozi, na hicho hicho ndicho kilichokuwa kikinipa pumzi.

Sasa nikwambie nililomficha hata wifi yako. Nilikataa. Nilimwambia daktari sitaki kutolewa kitu, anipe dawa tu, na nikamwomba asimweleze mke wangu. Wifi yako akaamini hospitali ndiyo inayozembea. Homa iliporudi tena, alimkabili daktari kwenye korido mbele ya watu, akamwuliza kama angemwacha baba yake mzazi aoze hivi. Nilisikia kila neno. Daktari alijibu tu, "Una haki ya kukasirika, mama." Hakunitaja. Nikashikwa na aibu iliyoishinda hofu, nikamwita mke wangu ndani, nikamweleza yote. Nilitegemea anifokee. Alivua viatu, akakaa kitandani japo imekatazwa, akasema, "Kumbe mlango umeufunga wewe, kwa ndani." Kisha akalia. Tangu haya yaanze sikuwa nimemwona akilia.

Nikatia sahihi siku hiyo hiyo. Na usishtuke, Dada: imeshafanyika. Sikukwambia mapema kwa sababu nilijua ungepanda gari la kwanza, nami nikikuona tu ningeghairi. Waya umetoka. Daktari anasema ulisumbua, lakini moyo haukuchanika. Hivi nikuandikiavyo, nina waya mwingine, wa muda, umepitia shingoni, na mwisho wake uko kwenye kisanduku kinachoning'inia kitandani. Hicho ndicho kinachoupigisha moyo wangu. Siwezi kufika hata kwenye beseni. Damu bado inapimwa. Ikiwa safi, nitawekewa kimashine kipya upande wa kulia. Isipokuwa safi, nitaendelea kulala hapa hapa. Nilimwuliza daktari kama iko siku nitaishi bila kisanduku chochote. Akasema hapana.

Kwa hiyo sikuandikii kwamba nimepona. Nakuandikia uje. Usihangaike kubeba chochote, na usimtume mtu badala yako. Wifi yako akiingia mimi natabasamu, naye anatabasamu, na akitoka najua anasimama kwenye korido kupangusa macho. Tumechoka wote wawili kuwa mashujaa. Namtaka mtu mmoja ambaye nitamwambia naogopa, akanyamaza, asinipe moyo. Tangu utotoni, mtu huyo ni wewe.

Msalimie shemeji, na majirani wote wasioacha kuniulizia. Watoto wanamwamkia shangazi yao, na mdogo anauliza kama utalala kwetu. Nimemwambia ndiyo, kwa hiyo usiniaibishe. Ukifika uliza chumba cha mwisho. Watakunawisha mikono na kukuvika joho la kijani. Ukimaliza, ingia tu, usibishe hodi.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekusubiri.