Bibi Niliyetumwa Kumwondolea Upweke

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku nitakayoumbuka. Niko mwaka wa kwanza chuoni, mji huu sina ndugu, nikajiunga na kikundi cha kujitolea kutembelea wazee wa mtaani, nikapangiwa bibi mmoja, mkunga mstaafu anayeishi peke yake, nikaambiwa kazi yangu ni kumwondolea upweke, basi siku ya kwanza nikabisha hodi na mkate wangu mkononi nikamkuta anafunga kamba za raba, akaniambia, "Umechelewa, mume wangu, twende," kumbe ana timu ya mpira wa pete ya kinamama wa makamo na vikongwe, wengi wao aliwazalisha mwenyewe, wanacheza uwanja wa shule kwa kutembea tu kwa sababu ya magoti, na wanagombana kuliko watoto. Hawakuwahi kuwa na refa. Siku hiyo hiyo bibi akanipa filimbi mpya, bado imo kwenye pakiti yake, na tangu hapo, Shangazi, nikipuliza faulo naulizwa kama macho niliyaacha hosteli, mechi ikiisha wananigombania nikale kwa nani, na mimi nacheka mpaka mbavu zinauma.

Tatizo ni mwalimu wetu msimamizi, alisikia bibi ni mzima na ana marafiki tele, akasema atanihamisha, nami nikaogopa kwa sababu hosteli naweza kumaliza siku tatu bila mtu kuniita jina, nikajikuta namwambia kwamba furaha ile ni ya nje tu, akibaki peke yake bibi hulia, na chakula hagusi mpaka anione. Mwalimu akaguswa sana. Sasa Jumamosi anakuja na kikundi kizima, kwaya ya kumfariji na kiti cha magurudumu, na siku hiyo tuna mechi na mtaa wa pili. Bibi akijua nimemtangaza hivyo ataninyang'anya filimbi, na hapo sijui Jumamosi zangu nitazipeleka wapi. Je, nimwambie mwalimu kwamba bibi amesafiri?

Refa

Refa mwanangu,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini. Sasa nikukaripie. Bibi hajasafiri, na usithubutu kusema amesafiri. Uongo wa kwanza umekuletea kiti cha magurudumu, wa pili utakuletea jeneza. Umemsingizia mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa kwamba hawezi kula mpaka akuone wewe, kijana wa mkate mmoja. Una bahati anakupenda.

Na hapo ndipo hujafungua macho. Kinamama hao wamecheza miaka yote bila refa, na kwa kelele wanazokupigia, refa hawamtaki hata leo. Sasa ile filimbi mpya ilinunuliwa ya nini kabla hujabisha hodi? Bibi aliambiwa anakuja mtoto wa watu, mgeni wa mji, akakutafutia kazi ili upate sababu ya kurudi. Kupokea watu ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Anayejitolea hapo ni yeye, mpweke ni wewe, na amelijua hilo tangu ulipoingia na mkate wako.

Kwa hiyo leo, siyo kesho, nenda kwake ukamwambie yote, hata habari ya kiti usiifiche. Atakufokea, nyamaza. Akimaliza atakuwekea chakula, kula. Kisha mwende wote wawili kwa mwalimu, useme kwa mdomo wako ni nani hasa aliyekuwa akilia chumbani. Akikuhamishia kwa mzee mwingine aliye mpweke kweli, nenda kwa moyo mweupe siku za katikati ya wiki, na siku moja umlete uwanjani, hata ashike mpira tu. Jumamosi zako hakuna wa kuzichukua.

Wageni nao waje. Mechi haina washangiliaji, kwaya itafaa, na mwalimu avae raba. Kile kiti cha magurudumu kiwekeni pembeni ya uwanja. Bibi akicheza faulo nawe ukaipuliza, utakihitaji.

Shangazi