Huna Mama wa Kuugua

Jumatatu, 4 Machi
Mwezi wa nane sasa tangu niondoke nyumbani kuja kujenga hapa kambini. Leo nimebomoa ukuta wangu mwenyewe. Msimamizi wetu tunamwita Pimamaji, maana kifaa hicho cha kupimia unyoofu hakimtoki mkononi. Kakiegemeza ukutani, kachungulia, katikisa kichwa. Ukuta umelala kidogo, kasema. Nikamwambia ukipigwa plasta nani ataona? Mimi nimeshaona, kasema. Nikabomoa. Mgongo wangu!

Jumanne, 5 Machi
Dada kapiga simu. Mama hali chakula tena, analitaja jina langu tu. Kesho naomba ruhusa. Bila kibali cha ofisi hutoki getini, na vitambulisho vyetu wanakaa navyo wao.

Jumatano, 6 Machi
Kanuni imebandikwa ukutani: ruhusa ni kwa anayeuguliwa na mzazi, mke au mtoto. Nikafurahi. Nikamwambia karani, mama anaumwa. Mama mzazi? Nami, mjinga wa kutupwa, nikanyoosha maneno: mama mdogo, ila ndiye kanilea tangu nanyonya. Nyumbani sijawahi kumwita hivyo! Ni mama, basi. Miezi yote hii ya Pimamaji imeniharibu, hata ulimi naupima.

Karani akauliza, aliyekuzaa je? Nikasema alifariki nikiwa mchanga.

— Basi, ndugu yangu, kwa kanuni huna mama wa kuugua.

Wala hakunikejeli. Alisema kwa upole, kama anayekuelekeza choo kilipo.

Mpiga rangi, tunayelala naye chumba kimoja, kacheka mpaka kashika mbavu. "Nani alikutuma uongeze mdogo? Ungelimeza hilo neno, saa hizi unafunga begi!" Halafu akauona uso wangu. Akanisogezea chai yake.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemfuata Pimamaji mwenyewe. Shikamoo, mzee. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, anafuta kifaa chake kwa shati. Kumbe baba yake alizikwa yeye akiwa hapa hapa, kazini. Hakuomba hata ruhusa, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumshikia zamu. Akaniuliza, nikikuachia wewe, yule niliyemkatalia mwezi uliopita nitamwambia nini? Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Machi
Dada tena. Kamwekea mama simu sikioni. Pumzi tu, nzito. Kisha kisauti: baba, unakuja lini?

Jumapili, mama. Limenitoka lenyewe.

Dada kapokea simu, anapiga vigelegele. Wamekuruhusu! Nimesema ndiyo. Kaanza kunitajia nani atanipokea stendi, nani atafua mashuka.

Kitambulisho kiko ofisini. Mlinzi wa getini hajawahi kumpitisha mtu bila kibali, hata mpishi aliyevunjika mkono alisubiri muhuri. Na basi linachukua siku nzima, usiku pia, kwa hiyo kesho asubuhi lazima niwe nje ya ukuta huu.

Jumapili mchana nipo nyumbani. Nimeshamwambia.