Moyo Unaouma Kama Jino

Chumba cha Kushonea,
Ghorofa ya Pili, juu ya duka la viatu.
14 Juni

Mpendwa Kitindamimba wangu,

Hujambo huko kwenye mitambo yenu? Mgongo umepoa, au bado unajibebesha vyuma kama huna mke? Mimi mzima, cherehani zote sita zinazunguka. Mwanao ana siku ishirini na tisa, ananyonya kama ana miadi.

Mkeo yu hai. Naanza na hilo ili mengine uyasome umetulia. Kwenye simu nilisema tu "amelazwa, anaendelea vizuri", maana mtandao ulikuwa unakatika, na habari hii haitaki vipande.

Siku ya kumi na mbili tangu ajifungue aliniambia, "Wifi, moyo unaniuma." Nikampa leso. Kesho yake akarudia, nikampa simu akupigie. Baadaye ukaniambia, nakumbuka neno kwa neno: "Dada, huyo anadeka. Amenikumbuka tu." Nami nikakuamini, mimi nisiyeamini hata futi ya fundi mwenzangu!

Siku ya kumi na nne jasho lilimtiririka na feni inampuliza, mkono wa kushoto haumwinui mtoto. Nikaweka mkasi chini. "Hebu niambie, unauma kama maneno au unauma kama jino?"

"Kama jino, wifi. Mpaka kwenye taya."

Hospitalini, mpokezi akasema ni uchovu wa uzazi, tukae foleni, namba thelathini na saba. Nikapaza sauti: miaka thelathini na moja, siku kumi na nne tangu ajifungue, maumivu dakika arobaini, jasho, mkono, taya! Daktari aliyekuwa anapita akasimama. Kumbe ni mshtuko wa moyo. Mshipa unaolisha moyo ulichanika kwa ndani. Huwapata hata wanawake vijana wasio na presha, wiki chache baada ya kujifungua.

Nimekununia, usidhani yamekwisha. Nimejinunia na mimi pia, kwa siku mbili nzima za leso.

Sasa yuko nyumbani. Vidonge vinne kwa siku, ndoo hagusi, ngazi ishirini na sita anazipanda akipumzika mara mbili.

Jana akasema tena, "Wifi, moyo unaniuma." Nikarukia viatu. "Kama jino?"

Akacheka mpaka mtoto akaamka. "Hapana. Huu ni wa mdogo wako."

Huo mimi sina dawa yake.

Shangazi anakusalimu, na Babu Saa, fundi saa wa hapa chini, pia. Mungu akulainishie roho ya bosi wako, akupe ruhusa, uje.

Wako akupendaye hata akinuna,
Dada Mkasi