Gunia la Mtama Ghorofani

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam.
9 Novemba 1993

Kaka yangu Severine,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe, wifi na watoto, na kwamba kifua chako kimetulia. Sisi huku hatujambo, ila joto la mwaka huu limezidi, na chumba bado kina ukimya alioniachia marehemu mume wangu Kasmir. Kikombe chake cha bati nakiosha kila asubuhi ingawa hakuna anayekinywea.

Barua hii nimempa dereva wa lori la kabichi aikabidhi mkononi mwako kabla ya Jumamosi. Tafadhali isome yote leo hii.

Uliniandikia kwamba hondohondo hawasikiki tena mlimani, kwamba ndege kama ninga na kulukulu wametoweka, na wazee wanasema wafanyabiashara wa Dar wanawatega na kuwauza nje. Ukaniomba nifungue macho. Tangu biashara iachiwe huru, kila kitu huku kinauzwa, kwa hiyo nilimshuku kila mwenye tundu la ndege. Mwisho nikamkazia macho Umakant, mwenye duka la viungo mkabala na kwangu, yule anayekuja kwenu kununua iliki. Kila Jumatatu Hamis wa mkokoteni alimpandishia gunia la mtama ghorofani. Watu wanaokula wali na chapati, mtama wa nini? Nilipomuuliza Hamis, alinicheka mbele ya wenzake, akasema shangazi siku hizi amekuwa afisa forodha, na nikitaka uji niseme tu. Sikucheka. Nilimwona pia Ranjanben, mama yake Umakant, akipanda paani na tundu lililofunikwa kanga. Ndipo nikakuandikia kwamba mwizi wa ndege nimempata. Nawe ukajibu kwamba vijana watamsubiri darajani Jumamosi hii, na kwamba gari lake halitarudi Dar.

Jibu lako lilinitia baridi. Jana nikapanda ghorofani mwenyewe, nikisingizia kuomba bizari. Ranjanben alinishika mkono, akaniuliza kama sasa napata usingizi, maana alikuja msibani, halafu akanipeleka paani. Kaka, mtama ule anawamwagia ndege. Kwao ni ibada ya kila asubuhi, kabla yeye mwenyewe hajala. Alisema zamani walishuka wa rangi zote. Sasa wanakuja kunguru tu, naye anawakaripia kama wageni waliokaa wakasahau kwao. Ndani ya tundu mlikuwa na tetere mmoja aliyevunjika bawa. Alinijaza mtama kiganjani. Nilimwaga, lakini sikuweza kumwambia nilichokuwa nikimfikiria.

Sasa nikwambie lililonielemea. Kasmir alipokuwa akiendesha lori kuja kwenu, kila safari alizima injini kwenye kona ya kijito, akasikiliza. Unakumbuka alivyolowanisha penseli kwa ulimi? Aliandika kwenye daftari ndege aliowasikia. Mwaka 1984 kuna majina kumi na tisa. Kila shamba jipya la kabichi lilipofunguliwa, majina yalipungua. Mbele zaidi ameandika kwamba ukungu hauteremki tena, mvua zimehama miezi yake, na ndege wa bondeni wamepanda hadi kule juu palipokuwa na baridi. Ukurasa wa mwisho una tetere na shore tu, na chini yake maneno haya: Miti ya kijitoni imeisha. Selina asiambiwe.

Unajua kwa nini. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba Kariakoo inataka kabichi, mkate miti hadi kijitoni ili meza yangu sokoni isikae tupu. Daftari hilo nililisoma siku ya arobaini yake. Nikalifunga, nikaenda kumtafuta mwizi kwa jirani.

Waondoe vijana darajani, kaka. Wakiuliza mwizi ni nani, wasomee barua hii. Na ile miti michache iliyobaki juu ya chemchemi usiiguse, hata nikikuandikia uikate.

Msalimie sana wifi, uwapapase watoto vichwa kwa ajili yangu. Umakant akifika, mkaribishe chai. Jumatatu nitampandishia mama yake mtama mimi mwenyewe, na safari hii nitamwambia.

Dada yako akupendaye,
Selina