Istikhara kwa Niaba ya Saadia

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimevunja kikombe asubuhi. Mama hakuuliza. Alileta ufagio, akaenda zake.

Basi niandike ya jana, labda yatanitoka. Shangazi yake Riyadh, yule wa mtaa wa Olympic, alituma ujumbe kwamba watakuja Jumapili baada ya alasiri, yeye na Riyadh, kwa jambo la heri. Jambo la heri! Nyumba hii ina wasichana wawili. Mimi, miaka thelathini na nne. Na Saadia, binti ya mama mdogo, ishirini na tano, anayekaa nasi hapa Makina, Kibera, tangu mamake afariki. Na Riyadh si mgeni kwangu. Miaka saba iliyopita shangazi huyu huyu alikaa kwenye kiti kile kile akaniulizia mimi. Nikasema nipeni muda nisali istikhara, Mungu anichagulie. Nikasali. Nikangoja ndoto. Haikuja. Nikasali tena, nikangoja tena – mpaka Riyadh akapata kazi Doha, akapanda ndege.

Sasa amerudi, amefungua duka la mapazia Kawangware, pale Kabiro. Nami nikajua kinachomleta. Nilivaa dera la kijani. Nikapika gurusa arobaini, zile chapati zetu za maji, nyembamba, za kuonea mwanga ng'ambo ya pili. Nikaingia na sinia, macho chini kama mwari wa miaka kumi na minane. Shangazi akala gurusa tatu, akapangusa vidole, akasema wamekuja kumposa Saadia.

Sinia bado nilikuwa nimelishika.

Mama anasema riziki ikiingia nyumba moja ni ya wote. Ya wote! Haya, tugawane na bwana harusi.

Wanataka jibu Ijumaa ya tarehe 19, wakitoka msikitini. Dera nimempa Saadia. Nimemwambia linanibana. Halinibani.

Jumanne, 9 Septemba

Nina wivu. Nimeandika. Wivu, wivu, wivu. Hakuna atakayesoma.

Saadia amekuja kukaa kitandani kwangu kabla ya kwenda kazini (anauza kwenye duka la dawa). Alikuwa akisokota ncha ya mtandio. Nikajua kuna ombi.

"Dada, si unisalie istikhara."

Nikamuuliza kwani yeye hana magoti.

"Niko siku zangu. Zimeanza leo, na mimi hukaa siku nane. Zikiisha, watu wamekaribia kufika. Na hata nikisali, mimi huwa sioni kitu. Wewe ndio huota."

Hilo la kuota! Sifa yangu Makina nzima inatokana na ukuta mmoja. Niliota ukuta wa plot yetu umeanguka, na siku mbili baadaye ukaanguka kweli. Tangu hapo watu wananiletea mambo yao. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ule ufa niliuona kabla ya kulala. Niliuona. Niliupima kwa kidole.

Nikamwambia sawa, nitakusalia.

Kuna jambo moja najua na sikulisema. Mwanamke aliye katika siku zake hasali, ndiyo, lakini dua yenyewe anaweza kuiomba. Akae tu, ainue mikono, aseme. Tulifundishwa madrasa. Saadia alikuwa mtoro wa madrasa. Ningemwambia kwa sentensi moja. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka jibu lipite kwangu kwanza.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeenda Kawangware. Nilimwambia Mama nafuata uzi. Uzi umejaa Kibera, Mama anajua, akasema nenda salama.

Duka ni zuri. Ningependa liwe baya. Mapazia yamepangwa kwa rangi kuanzia mlangoni, na mbele kabisa kuna moja la kijani, zito, la kushuka hadi chini. Riyadh ameota kitambi kidogo. Kinampendeza, laana!

"Sasa, Dada Malika? Umepotea!"

Dada. Zamani alikuwa akiniita Malika tu, na herufi ya L akiivuta.

Nikaomba ringi za pazia kumi na mbili. Sina fimbo ya pazia. Akazihesabu polepole, halafu bila kuinua macho akasema alikuwa na neno langu moja tangu zamani. Kwamba aliningoja. "Miezi nane, Dada. Nikajiambia, huyu ameuliza Mungu, Mungu amenyamaza, basi hiyo ni hapana. Nikaheshimu."

Nilitaka kumwambia haikuwa hapana. Ilikuwa woga tu, nikaufunika kwa mswala. Nilitaka ndoto ili siku mambo yakiharibika niseme ni Mungu aliyechagua, si mimi.

Nikasema, "Ni pesa ngapi?"

Akakataa kuchukua hela. Eti sisi ni familia sasa.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimesali asubuhi hii, jua likiwa limepanda, Mama akiwa sokoni. Sasa niandike kwa mpangilio.

Ile dua ina mahali pa kusema kwangu: kama jambo hili ni heri kwangu, nirahisishie. Kwa Kiarabu kwangu ni *li*. Nikimwombea Saadia inabidi niseme *laha*, kwake. Nikaichukua ile karatasi yangu ya dua, ya miaka saba, nikakata kila *li* kwa penseli, juu yake nikaandika *laha*. Nikaiweka mbele ya mswala.

Rakaa mbili zilienda vizuri. Nikainua mikono. Nikaanza vizuri pia. Halafu nilipofika pale penyewe – *li*. Ulimi umezoea. Nikajisikia. Ningeweza kurudi nyuma, hakuna aliyekuwa akinifukuza.

Sikurudi. Nikaendelea *li*, *li*, *li* mpaka mwisho. Kwangu, kwangu, kwangu.

Baada ya adhuhuri nikalala kidogo. Na leo, baada ya miaka saba ya kungoja, nikaota! Duka la Kabiro. Pazia la kijani. Mwanamke amenipa mgongo, ananyoosha lile pazia, analipigapiga likae sawa. Amevaa lile dera langu. Na moyo wangu ulikuwa mwepesi, jamani, mwepesi mno. Nimeamka nacheka peke yangu.

Kijani ni heri, hata mtoto anajua. Lakini heri ya nani? Niliomba kwa jina lake, kwa neno langu. Dera ni langu, lakini nimeshampa yeye. Kama mimi ndiye niliyekuwa nikimtazama yule mwanamke, basi yule si mimi. Ila kwenye ndoto mtu hujiona mwenyewe. Si hujiona?

Ijumaa, 12 Septemba

Nimefanya jambo baya. Nitaliandika kwa ufupi.

Saadia alirudi kutoka kazini, akaingia na viatu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Nini?"

"Giza. Pazia jeusi, na hakuna mtu anapita."

Nilidhani atabisha. Atalia. Ataniita mchawi. Alisema, "Alhamdulillahi. Heri nijue saa hii." Akakaa. Akavua kiatu kimoja, akakishika muda mrefu, ndipo akavua cha pili. Halafu akaenda kuosha vyombo, na leo zamu ilikuwa yangu.

Hakuniuliza hata mara mbili. Aliniamini moja kwa moja, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Jumapili, 14 Septemba

Ningekuwa mtu mwingine ningecheka.

Kuna kipindi cha redio asubuhi, unapiga simu shehe anakujibu. Mama hakikosi. Leo Saadia alikuwa kazini. Nikatoka nje, nikajibana nyuma ya tangi la maji, nikapiga. Sikutegemea kupata. Nikapata!

Mtangazaji akauliza jina. Sikuwa nimejiandaa. Mbele yangu, ng'ambo ya uzio, kuna saluni imeandikwa BETH kwa rangi nyekundu.

"Beth," nikasema. "Wa Kawangware."

Beth, kwenye kipindi cha Kiislamu. Mtangazaji akauliza kwa furaha, dada yetu, kwani umesilimu? Nikasema ndiyo. Lini? Juzi. Akapiga takbiri! Shehe naye akaniombea dua ndefu ya kuthibitika katika dini. Mimi niliyezaliwa Makina, babu wa babu yangu akiwa imamu! Dhambi zinazaana kama kuku.

Nikauliza mwishowe. Nikasema ni rafiki yangu, amesali istikhara kwa niaba ya mtu aliye katika siku zake, ulimi ukateleza, akasema kwangu badala ya kwake. Jibu ni la nani?

Shehe akasema Mungu hasomi karatasi. Anajua nani aliyeomba na moyo wake ulikuwa unamtaka nani. Akasema tena istikhara si sinema, watu wanakaa kungoja picha, na mambo yanapita mlangoni. Na yule mwenye siku zake angeomba dua tu mwenyewe, kwa nini alifungiwa mlango? Halafu akasema mwambie rafiki yako asome mwisho wa dua. Kisha uniridhishe kwa hilo. Watu huomba kuonyeshwa, akasema, kuridhishwa hawaombi.

Nimeisoma dua ile pengine mara mia tatu. Mwisho wake huwa nauharakisha nikalale, niote.

Nilirudi jikoni. Mama alikuwa anamenya viazi, redio iko juu ya friji.

"Umemsikia huyo Beth?"

"Beth gani?"

"Wa Kawangware." Akatoa jicho la kiazi kwa ncha ya kisu. "Ana sauti ya mtu ambaye ameshiba gurusa zangu."

Jumatatu, 15 Septemba

Mama hajasema kitu. Nilisubiri siku nzima aseme.

Jumanne, 16 Septemba

Saadia amekonda. Wiki moja tu! Anaimba akifua, halafu anakumbuka, ananyamaza. Anampenda. Nilikuwa sijui. Nilidhani anaposwa tu kama watu wanavyoposwa, kumbe anampenda, na yuko tayari kumwacha kwa sababu dada yake ameona pazia jeusi.

Mimi nilimpenda na nikashindwa kumchukua nilipopewa. Yeye anampenda na anaweza kumwachilia. Hata hapo amenizidi. Nimwonee wivu na hapo pia?

Ndiyo.

Alhamisi, 18 Septemba

Nilikuwa nimeazimia kumwambia leo. Wallahi nilikuwa nimeazimia.

Akanitangulia. Alitoka kuoga, kichwa bado maji, akasema ametwaharika na anataka kusali mwenyewe kabla ya kesho. "Si eti sikuamini, Dada. Nataka tu nimuage Mungu vizuri kwa hii maneno." Akaomba ile karatasi.

Nikampa. Akaisogeza machoni.

"Hapa umeandika *laha*, halafu chini kuna kitu umekata."

"Hiyo ilikuwa ya kukuombea wewe. Wewe ukiomba sema *li*."

"*Li*," akasema.

"*Li*. Kwangu."

Nikakaa nje ya mlango kama askari. Sauti yake ni ndogo, lakini mwisho nilimsikia, aliurudia mara tatu. Aridhishwe.

Alipotoka uso wake ulikuwa umetulia. Akasema ameskia amani, tena kubwa, na amani yenyewe imeelekea kwa Riyadh. "Lakini wewe uliona giza, na mimi sina macho kama yako. Labda hii amani ni mimi najidanganya." Kwetu msichana hajibu mwenyewe. Dada mkubwa ndiye hutoka mbele ya wazee akasema neno. "Kesho wewe ndio utanisemea," akasema. "Chenye utasema, hicho ndio jibu. Sitakuuliza."

Nikafungua kinywa. Kweli yote ilikuwa hapa, kwenye ulimi.

"Umekula?" nikamuuliza.

Ijumaa, 19 Septemba

Wamefika. Wanaume sita na shangazi. Nimewasikia wakivua viatu barazani, na kikohozi cha Riyadh nimekitambua.

Niko chumbani. Nimesema natafuta pini ya mtandio.

Nusu saa iliyopita nilipita sebuleni na thermos ya chai. Saadia alikuwa dirishani, amenipa mgongo, ananyoosha pazia kabla wageni hawajaingia. Analipigapiga likae sawa. Amevaa lile dera la kijani, na linamkaa kuliko lilivyowahi kunikaa mimi. Nikasimama na thermos yangu. Hivyo hivyo nilivyoona. Mkono ule ule, bega lile lile.

Sawa, Mungu wangu. Nimeona. Hata kipofu angeona. Umenionyesha na bado nina wivu. Kuridhika uliniwekea wapi? Nimeuomba ule mwisho leo asubuhi, polepole, neno kwa neno. Labda unachelewa kama ndoto.

Nimejizoeza mbele ya kioo. Neno ni moja tu. Anakubali. Anakubali. Nalisema kwa sauti ya chini. Ukiidondosha ile A ya mwanzo inabaki nakubali, na ulimi huu naujua. Kuna na lile jingine, hakubali, nalo ni jepesi, linateleza lenyewe, na hakuna hata mmoja atakayeniuliza. Hata Saadia. Ameshaahidi kutouliza.

Sebuleni wameshaisoma Fatiha.

Mama amekuja mlangoni. Amegonga kwa kucha, mara mbili. Hakuniita jina langu.

"Beth," amesema, taratibu kabisa. "Wazee wanangoja neno."

Nakuja, Mama. Natafuta pini.