Ukuta wa Nyuma wa Bibi Nesta

Jumatano, 2 Julai 2025

Baridi ya leo haina adabu. Nimetoka Chapwa na masweta mawili na bado vidole vimekuwa kama vijiti. Sisi wa Ndalambo hatukuumbiwa haya mambo. Kwetu joto linakufuata mpaka kitandani.

Kazi mpya. Nathanaeli, yule mnunuzi wa mahindi wa Mlowo, anataka kumfungia mama yake AC. Nikadhani ananitania. AC, Julai, Mbozi! Kumbe anataka ya kuleta joto. Ameshainunua, iko kwenye boksi. Nikamwambia hiyo ndiyo yenyewe: inavuta joto kwenye hewa ya nje, hata hii tunayoiona baridi tupu, na kulisukuma ndani. Hakuamini, lakini keshalipa, afanyeje. Hata Osea, mwenzangu wa kazi miaka yote hii, hajawahi kufunga moja kwa ajili ya joto. Sisi ni watu wa friji za bucha na AC za gesti za mpakani.

Sababu yake si anasa. Mama yake, Bibi Nesta, hulala na jiko la mkaa chumbani, mlango na dirisha vimefungwa. Wengi huko juu wanafanya hivyo baridi ikizidi. Mwezi uliopita walimkuta hajitambui. Hospitali wakasema ni hewa ya mkaa, na mara ya pili wasitegemee bahati. Nathanaeli alipokuwa anasimulia alichezea funguo tu, hakunitazama.

Alhamisi, 3 Julai

Nimekwenda kupima. Nyumba ya tofali za kuchoma, katikati ya mibuni, ukuta imara. Bibi Nesta mwembamba, macho makali. Akaniuliza kama mume wangu anajua kwamba napanda ngazi kwenye nyumba za watu. Nikamwambia anajua, ngazi alininunulia yeye. Akacheka mpaka akakohoa. Tukaelewana.

Ukuta mzuri kuliko yote ni wa nyuma. Bomba linakuwa fupi, hewa inapita, maji yanashuka yenyewe. Shida moja — hatua chache tu kutoka hapo ndipo kaburi la mumewe lilipo, la saruji, na maua ya plastiki yaliyofifia.

Nikamweleza bila kupamba. Mashine ya nje, ikiwa inaleta joto ndani, yenyewe inatema hewa ya baridi na kudondosha maji. Osea akanikanyaga mguu. Ningenyamaza asingejua, ni kweli. Lakini mimi simfungii mtu kitu ambacho hajakielewa.

Bibi akalitazama kaburi, kisha mimi. "Kwa hiyo mimi nilale kwenye joto, yeye apulizwe baridi?"

Nikataka kucheka. Nikaona hacheki mtu.

Jumamosi, 5 Julai

Tumekubaliana ukuta wa ubavuni, upande wa mibuni. Bibi mwenyewe kasimama pale na kusema sawa, hapa sawa. Ila bomba lililokuja kwenye boksi halifiki, na bomba refu linataka gesi ya kuongeza, ya kupimwa kwenye mizani. Jumatatu nakwenda Mbeya kutafuta vyote.

Nathanaeli amenuna. Anasema mzee alikufa zamani, baridi gani anayoisikia? Nikamjibu kwamba mimi sifungi mashine kwa ajili ya mzee. Mama yake asipoitaka ataizima, na akiizima atarudi kwenye mkaa. Akaguna. Mguno ule sikuupenda.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nusu ya maduka Mbeya yamefungwa. Nimezunguka mpaka visigino vinalia, bomba nimepata, gesi nimepata. Narudi nimejipongeza kwa soda, simu inaita. Osea. Sauti ya mtu aliyevunja chungu.

Wamefunga jana! Bibi akiwa kanisani. Ukuta wa nyuma. Eti Nathanaeli kalazimisha, eti Bibi aliporudi alikuta chumba kina joto, akakaa kimya, kwa hiyo ameridhika.

Nikamuuliza hewa aliitoa na nini kwenye mabomba. Pampu ya kunyonya hewa iko kwangu, chini ya meza, naiona hapa ninapoandika! Akakiri: alifungua gesi kidogo, akaiacha isukume hewa nje. Mtindo wetu ule wa zamani, wa gesi za zamani. Hii ya sasa inashika moto. Na hewa ikibaki ndani, kompresa inaweza kupasuka siku moja kama bomu. Nikauliza waya wa ethi, ule wa kupeleka hitilafu ya umeme ardhini, umezikwa wapi. Haupo. Umeme kauchukua kwenye soketi ya redio.

Nimemtukana. Mume wangu ametoka nje kusikia kuna nini.

Jumanne, 8 Julai

Nimempigia Nathanaeli, nimemwambia aizime mpaka niirekebishe. Anacheka. Mama amelala kama mtoto, hajakohoa hata kidogo. Kisha akaniambia, "Dada Loisi, huo ni wivu wa kazi."

Nimekata simu. Wivu! Mchezo huo sina. Chai imenishinda.

Ijumaa, 11 Julai

Jiko limerudi chumbani.

Jirani ndiye aliyemkuta Bibi leo asubuhi, kaegemea kitanda, maneno hayatoki sawasawa. Akamburuta mpaka uani. Mzima, namshukuru Mungu. Nathanaeli kanipigia analia, mwanaume mzima. Nikamwambia kata umeme wa ile mashine, kwenye swichi kubwa, fungua madirisha, na moto usiingie humo ndani kwa lolote. Maana mimi nilikuwa nawaza jingine ambalo yeye hakulijua: mabomba ya Osea hayajapimwa kama yanavuja, gesi inayowaka, na jiko la mkaa, chumba kimoja. Nikatafuta viatu.

Nimefika mchana. Bibi amekaa juani, kajifunika blanketi. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia kwa shida. Nikamuuliza kwa nini. Hakuficha. Usiku wa kwanza alilala vizuri, kweli, alijisikia kama msichana. Asubuhi akazunguka nyuma, akakuta kaburi limelowa na maua yameangushwa na upepo. Akafuta kwa kitenge. Kesho yake hivyo hivyo. Akawa anafuta kila asubuhi, hamwambii mtu, kwa sababu mwanawe ametumia fedha nyingi na anajivuna kwa majirani. Jana ikamshinda. Akazima.

"Miaka arobaini na mbili alilala upande wa mlango," akasema, "ili upepo umpate yeye kwanza."

 Nathanaeli alikuwa nyuma yangu. Alisikia yote.

Kesho tunahamisha.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nimekaa kwenye ndoo, pampu inanguruma miguuni. Sina kawaida ya kuandika kazini, lakini nikikaa mikono mitupu nitamrukia mtu.

Tangu asubuhi: gesi ya Osea nimeivuta yote kwenye mtungi mtupu. Imechanganyika na hewa, siirudishi kwa mtu. Mashine ya nje imehamia ubavuni, juu ya vyuma, imeinuka ili maji yake yashuke kwenye mfereji wa mibuni. Umeme una waya wake na swichi yake ya usalama. Fimbo ya ethi kaizika Osea. Kachimba peke yake, sikumsaidia, na hakuomba. Kuna wakati alisimama kwenye kaburi akakusanya maua akayarudisha. Nikajifanya sioni.

Saa tisa tumejaza naitrojeni kupima kama mabomba yanavuja. Sindano ya geji, ile saa ya kupimia presha, ikashuka. Povu la sabuni likatuonyesha: maungio ya ndani, juu ya kitanda chenyewe cha Bibi. Mdomo wa bomba aliouchanua Osea ile Jumapili, yaani kuupanua ili ushikwe na nati, una ufa mwembamba kama unywele. Kumbe ulikuwa unavuja siku zote zile. Osea akakaa chini, sakafuni. Nikakata, nikachanua upya, nikakaza kwa spana ya kipimo. Naitrojeni tena. Safari hii imekaa.

Sasa pampu inanyonya hewa yote mabombani, sindano ishuke chini kabisa. Jua linashuka nyuma ya mibuni na baridi imeanza kupanda kutoka bondeni. Nathanaeli amekuja kuniuliza kama siwezi kuweka gesi tu, tumalize, mama asilale kwenye baridi. Nimemtazama. Ameondoka.

Kabla hajaenda nimemwambia ukweli: sindano ikipanda baada ya kuzima pampu, maana yake kuna pengine panavuja, na sitaiwasha leo. Ampeleke mama mjini alale kwake. Anasema mama hakubali kuiacha nyumba. Hajawahi.

Bibi ametoka jikoni na jiko. Limejaa makaa mekundu.

Nimeinuka. Nilikuwa tayari kupiga kelele, bibi mzima, jana tu umetolewa — akaupita mlango. Hakuingia. Akakunja kona kwenda nyuma. Nikamfuata, na Nathanaeli nyuma yangu.

Kalitua upande wa kichwa cha kaburi. Kainama, kapuliza majivu, kageuza tundu la jiko liangalie saruji. Taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

"Mmempuliza sana," akasema. "Leo zamu yake."

Nathanaeli akachuchumaa akamshika mama yake mkono. Mimi nikauliza, kwa sababu lazima mtu aulize, "Na wewe, Bibi, usiku utaota moto gani?"

Akanishangaa.

"Si hiyo mashine yako? Si umesema sasa imekaa sawa?"

Sijasema. Sijasema bado.

Nimerudi kwenye ndoo. Nimefunga koki, nimezima pampu. Kimya kikubwa, mpaka nasikia makaa yanavyolia kule nyuma. Osea kashika tochi, anamulika geji. Hatupumui. Sindano iko chini kabisa, nami naikodolea macho.